Ujumbe wa saa nane usiku

Leo nimelala mchana, jambo nisilolizoea, kwa sababu usiku nilikesha nikiitazama namba moja ikipanda.

Kwa wiki tatu logi, yaani daftari la matukio, ya seva yetu ya MySQL 5.7 (programu ya hifadhidata) ilikuwa na mstari uleule karibu kila usiku: "Aborted connection", namba ya muunganisho (njia ambayo programu huzungumza na seva), kisha maelezo kwamba muda umekwisha seva ikisubiri kusoma pakiti, yaani kipande cha data. Mstari mmoja tu. Asubuhi kila kitu kinafanya kazi, wanachama wanaweka akiba, hakuna anayelalamika. Mwenzangu alinishauri nipunguze kiwango cha logi ili mstari utoweke. Sikukubali. Seva inayotunza akiba za watu ikisema jambo, nataka kujua inasema nini.

MySQL huandika logi kwa saa za UTC, zilizo nyuma ya zetu kwa masaa matatu, usipoibadilisha, kwa hiyo 23:04 ya logi kwetu ni saa nane na dakika nne usiku. Bakapu yetu, kazi ya kunakili data, huanza saa nane kamili, basi nikaishikilia bakapu siku nne nzima: nikakagua diski, nikakagua mtandao, nikasoma skripti yake mstari kwa mstari. Kumbe jibu lilikuwa limekaa kwenye logi za nyuma. Siku moja ujumbe uliingia 22:58, bakapu haijaanza. Jumamosi zote uliingia 18:00 na dakika zake, yaani saa tatu usiku. Jumapili haupo kabisa.

Seva haina Jumapili. Watu wa ofisini wanayo.

Nikaenda kwa mhasibu wetu. "Shikamoo, mama. Jumamosi mnafunga siku saa ngapi?"

"Marahaba. Saa saba, mwanangu. Nikishabonyeza ripoti naenda kutafuta daladala."

Saa saba mchana hadi saa tatu usiku ni masaa manane. Siku za kazi wanafunga kwenye saa kumi na mbili jioni. Ongeza masaa manane, saa nane usiku. Na wait_timeout ya MySQL, muda ambao seva huvumilia muunganisho uliokaa kimya kabla ya kuukata, usipoigusa, ni sekunde 28,800. Masaa manane.

Jana nikakaa. Saa 12:07 jioni mama alibonyeza ripoti ya kufunga siku, na kwenye orodha ya miunganisho ukatokea mmoja mpya, ukafanya kazi sekunde chache, kisha ukaandikwa Sleep, yaani uko wazi lakini haufanyi kazi. Nikaufuata, sekunde zikipanda: 600, 9,000, 20,000. Ulipofika 28,799 niliita orodha tena, haupo. Kwenye logi: 23:07, namba ileile.

Ripoti ile inafungua muunganisho wake na haiufungi, na programu inayoiendesha haizimwi usiku wala mchana. Niliiandika mwenyewe mwezi Machi. Nimeongeza mstari mmoja wa kuufunga.

Mwezi ujao makarani wote wataruhusiwa kuibonyeza ripoti hiyo, kila mmoja kwa wakati wake, na nafasi za miunganisho kwenye seva yetu ni 151, vilevile ilivyokuja; bila mstari ule, kila mbonyezo ungeshika nafasi moja kwa masaa manane. Nimewaza hilo tangu alfajiri. Kesho nitafungua logi kabla ya chai.