Mabaka ya paka na RNA isiyotengeneza protini

Paka wetu wa nyumbani ana baka jeusi linaloanzia sikio la kushoto na kushuka hadi shavuni, ambako linakoma ghafla na kupakana na baka la rangi ya chungwa, kana kwamba mtu amepiga mstari kwa rula. Shuleni tulifundishwa kwamba RNA, nakala ya maagizo yaliyo kwenye DNA, ni tarishi tu, kazi yake kupeleka ujumbe wa kutengeneza protini. Mpaka ulio shavuni mwa paka huyu umewekwa na RNA iitwayo XIST, ambayo haitengenezi protini yoyote.

Paka jike ana kromosomu mbili za X, na jeni inayoamua kama manyoya yatakuwa meusi au ya chungwa imo humo; kwa paka wa mabaka kama wetu, X moja ina weusi na nyingine ina uchungwa. Mwaka 1961 Mary Lyon, mwanasayansi wa Uingereza, alieleza kwamba kila seli ya kiinitete huizima X moja kwa bahati nasibu. XIST yenyewe iligunduliwa miaka 30 baadaye. Huzalishwa na kromosomu ileile itakayozimwa, kisha huifunika kama shuka na kuziita protini za kuifunga. Seli zote zitokanazo na seli hiyo hurithi uamuzi uleule, ndiyo maana rangi hukaa kwa mabaka. (Weupe wa tumboni ni habari nyingine: seli za rangi hazikufika huko.)

Jeni ya uchungwa ilitambuliwa kwa uhakika juzi tu. Mwaka 2025 vikundi viwili, kimoja cha Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, na kingine cha Stanford, Marekani, vilichapisha jibu moja: paka wa chungwa wamepungukiwa na kipande cha DNA cha herufi kama 5,000 ndani ya jeni ARHGAP36. Kipande hicho nacho hakitengenezi protini, lakini kikikosekana jeni huamka ndani ya seli za rangi, nazo hutoa wekundu badala ya weusi.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni CC, paka wa kwanza wa kloni (yaani nakala iliyotokana na seli ya paka mwingine), aliyezaliwa Desemba 2001 katika Chuo Kikuu cha Texas A&M. Rainbow, aliyetoa seli, alikuwa na rangi tatu. CC hakuwa na baka hata moja la chungwa, kwani seli aliyotokana nayo ilikuwa imekwisha kuizima X yenye rangi hiyo, nayo haikufunguliwa tena.