Njia panda yetu ilivyogeuka bustani

Kabla sijaomba kibali chochote, nilikaa siku nne kwenye ile njia panda na daftari, nikichora. Nilitaka kujua magari yanapita wapi hasa. Jibu lilikuwa chini: vumbi na majani makavu vilijikusanya kwenye pembe zote nne, pale magurudumu yasipofika. Karibu theluthi moja ya lami ile haikuwa na kazi, ila kuwawezesha madereva kukata kona bila kupunguza mwendo.

Michoro ile ndiyo niliyompelekea mhandisi wa mji. Sikumwomba avunje kitu. Nilimwomba turuhusiwe kufunga mikono miwili ya njia panda kwa miezi mitatu, kwa vyungu vikubwa na mabenchi ya mbao. New York walianza hivyohivyo kwenye makutano ya barabara ya Times Square mwaka 2009, kwa viti vya kukunja tu, na mwaka uliofuata wakatangaza kwamba itabaki hivyo. Kitu cha kuhamishika hakimtishi mtu.

Hata hivyo mwenye duka la kona alinijia juu. "Ndugu yangu, mzigo wangu utashushwa wapi?" Alikuwa na haki, nami sikuwa nimelifikiria hilo. Tulisogeza vyungu, tukaacha njia ya mita nne, gari la mzigo, la taka na la zimamoto yapite. Zimamoto walikuja kujaribu kona yenyewe. Chungu kimoja kikabidi kiondoke.

Kibali cha kudumu kilipotoka, nilidhani kilichobaki ni kupanda miti. Kumbe kazi ilikuwa chini ya lami. Tulipoing'oa tulikuta kokoto zilizoshindiliwa miaka na miaka, ngumu kama saruji. Nilichimba shimo la kina cha goti, nikalijaza maji jioni. Asubuhi maji yalikuwa bado yametuama. Mzizi ungepita wapi?

Tukabadili mpango. Badala ya miti ishirini, tukapanda saba. Baada ya kuhakikisha mabomba na nyaya zimelala wapi, tulichimba mita moja kwenda chini, tukatoa kokoto zote, tukarudisha udongo uliochanganywa na mboji. Wapo walionung'unika kwamba saba ni michache. Mimi naona mti mmoja wenye nafasi ya mizizi unashinda mitano iliyobanwa itakayodumaa. Pia tulikata ukingo wa barabara sehemu tatu na kuishusha bustani chini kidogo ya usawa wa lami, ili maji ya mvua yaingie yenyewe.

Mvua kubwa ya kwanza nilitoka na mwavuli kwenda kutazama. Maji yalikuja na mchanga na vipande vya karatasi, yakazunguka kwenye ule mwanya, yakaingia. Dimbwi lililokuwa likisimama mbele ya duka halikuonekana.

Mti mmoja ulikauka mwaka wa kwanza. Tulipoung'oa tulikuta bonge la lami limesahaulika chini yake. Tulilitoa, tukapanda mwingine, na zamu za kumwagilia zinaendelea.