Damu ya kwenye kamba ya kitovu
Kliniki walikuwa wananipima tumbo kwa futi wanasema dogo, basi wiki ya 32 ya mimba nikapanda daladala mpaka Moshi mjini kupiga ultrasaundi, nikijua naenda kuangalia mtoto amekaaje tu, kumbe kuna kipimo cha Doppler kinaonyesha damu inavyopita kwenye kamba ya kitovu, ile inayomuunganisha mtoto na kondo la nyuma. Kwenye skrini mawimbi yanapanda na kushuka, dokta akaweka kidole pale chini: "Mama, moyo wa mtoto ukipumzika damu inatakiwa iendelee kwenda mbele, ya mwanao inapungua." Yaani kondo la nyuma linabana, chakula hakimfikii vizuri, anaweza kuzaliwa chini ya kilo 2.5. Nililia jamani. Ila ndo wakaanza kunifuatilia kwa karibu, na binti yangu akatoka na kilo 2.1, analia kwa nguvu.