Mbele ya Barafu ya Aialik

Shangazi alikuja kunitembelea Anchorage akitokea Marangu, ambako tangu utotoni barafu ya Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, tumezoea kuitazama kwa mbali, ikiwa juu ya mawingu na isiyo na sauti. Kwa sababu hiyo nilitamani aione barafu kwa karibu, nikampeleka Seward, tukapanda boti ya kutembelea Hifadhi ya Taifa ya Kenai Fjords, iliyoanzishwa mwaka 1980 katika pwani ya kusini ya Alaska.

Kwenye visiwa vya Chiswell tulikaribia majabali yaliyosimama wima kutoka baharini, yakiwa yamejaa ndege ambao hutaga yai moja juu ya jiwe tupu, bila kiota. Hata hivyo, kilichomgusa zaidi Shangazi ni miti mikavu ya kijivu iliyosimama ufukweni. Mwongozaji alieleza kwamba katika tetemeko la Machi 27, 1964, lenye ukubwa wa 9.2, sehemu za pwani ile zilizama kwa zaidi ya mita 1, maji ya chumvi yakaifikia mizizi, na miti ikafa ikiwa wima.

Tulipofika Aialik, mahali ambapo mto wa barafu unaishia baharini, nahodha alizima injini. Pande la barafu la buluu lilimeguka juu ya ukuta, likaanza kuporomoka.

“Mwanangu, mbona inaanguka kimya?” Shangazi aliuliza.

Kabla sijamjibu, ngurumo ilitufikia, kwa maana tulikuwa mbali kiasi cha sauti kuchelewa, kisha wimbi likaiinua boti na kuitua taratibu. Vipande vidogo vilivyotuzunguka vilikuwa vikitatarika kama mafuta ya moto kwenye karai, kila kimoja kikiachia hewa iliyofungiwa ndani yake tangu zamani. Shangazi aliinamia ukingo wa boti, akasikiliza.

“Na ya Kibo, mbona hatujawahi kuisikia?”

Nilimweleza kwamba ile haiporomokei baharini. Jua na hewa kavu huila polepole, na kati ya mwaka 1912 na 2007 ilipungua kwa takribani asilimia 85. Alinitazama usoni kama aliyepewa habari ya msiba, kisha akaniagiza nimwombe nahodha tukae kidogo zaidi. Nahodha alikubali, tukakaa mpaka pande jingine likaanguka.