Pindo lishushwe

Soko la Kadutu, hapa Bukavu, limeanza kujaa mashati meupe na sketi za bluu, maana masomo yanafunguliwa Septemba. Nikiona vitambaa hivyo namkumbuka kaka yangu, na ule mwaka wa kwanza bila yeye.

Alikuwa fundi wa nguo. Kila likizo kubwa alimsimamisha binti yake ukutani, akampima, akamshonea yunifomu yenye pindo pana la kushusha baadaye. Kilio kilipoisha, wazee walitaka vitu vyake vigawanywe na picha zifichwe, watoto wasahau upesi. Mashini ikauzwa. Mama yangu akawaambia wajukuu kwamba papa, yaani baba yao, amesafiri. Mtoto wa miaka sita huamini anachoambiwa. Kila jioni akawa anaenda kumngoja barabarani. Wifi yangu ndiye aliyemkalisha akamwambia wazi kwamba papa amekufa, harudi. Kisha akaitundika picha tena.

Ikafika tarehe 1 Agosti, sikukuu ya wazazi. Kama ilivyo kwetu Kongo, asubuhi tulikwenda makaburini kung'oa majani na kufagia, kabla ya kurudi kula na wazazi walio hai. Tulipomaliza, mtoto akatoa mfukoni futi ya kupimia, ile ya njano ambayo namba zake za mwanzo zilifutwa na vidole vya baba yake. Sijui alikuwa ameificha wapi. Akavua viatu, kwa sababu papa hakuwahi kumpima na viatu. Akakanyaga ncha moja kwa kisigino, akanyoosha shingo, akaniletea ncha ya pili.

"Shangazi, soma kwa sauti, papa asikie."

Mama mmoja mzee, kwenye kaburi la jirani, akanung'unika kwamba wafu hawachezewi. Nikasoma: mita 1 na sentimita 14.

Akaliinamia kaburi. "Papa, sasa pindo lishushwe."

Punde si punde alikuwa anakimbizana na binamu zake, anacheka. Waliomwona walidhani amesahau. Hakusahau, watoto huomboleza hivyo, kilio kidogo, mchezo kidogo, kisha kilio tena.

Yeye ana futi yake. Mdogo wake siku ile alikuwa mgongoni kwa mama, hakumbuki uso wala sauti. Namsimulia jinsi papa alivyopiga mluzi akishona, naye ananisikiliza kwa adabu, kama anayesikiliza habari za baba wa mtu mwingine. Mwaka huu ameomba apimwe na yeye. Tutampima. Ila sijui kama anamtafuta papa, au anamfuata dada yake tu.