Mama, usiku kanga inalowa?

Kuna mama ntilie mmoja hapa Morogoro, miaka 49, alikuja kituoni na daftari lake limejaa malaria, taifodi, yutiai, halafu malaria tena. Miezi 8 anakunywa dawa tu. Nikafunga mlango nikamuuliza taratibu, akanijibu kwa sauti ya chini mpaka ikabidi nisogee, sista mi nimepima ukimwi mara 3, kila mara kituo tofauti, hamna kitu, ila usiku naamka kanga imelowa chapachapa, nabadilisha, nalala, nalowa tena. Na mumewe ameshaanza kusema ana mtu huko nje, kisa kila akimsogelea mwenzie anamkwepa. Anamkwepa kwa sababu anaumia!

Kwenye daftari lote lile hakuna alipoulizwa siku zake ziliingia lini mara ya mwisho. Inaniuma kwa sababu niko kwenye kazi hii miaka 11 na mimi nimeshawapeleka wakina mama wengi tu maabara bila kuuliza hilo swali.

Kwa hiyo jamani tuelezane. Tunasema hedhi imekoma ukishamaliza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zako, wengi inawakuta kati ya miaka 45 na 55, na ikikata kabla ya 40 usikae nyumbani, nenda hospitali. Ila tabu zinaanza hata kabla haijakata, siku zinaruka, damu mara inatoka nyingi mara kidogo (na mimba hapo bado inaingia, msijisahau), kwa sababu homoni ya estrojeni inapanda na kushuka na sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili inavurugika, ndo unasikia moto unapanda kifuani mpaka usoni, moyo unadunda, jasho, halafu baridi. Huyu mama ntilie alikuwa anadhani ni joto la jiko. Usingizi unakata, hasira za karibu, na ukeni kunakuwa kukavu, ndo yale maumivu. Hujarogwa.

Jasho la usiku lakini tusilipuuze, kama kuna kikohozi au unakonda TB lazima ipimwe.

Sasa matibabu, maana wengi wanaambiwa "ni umri, vumilia" na mi hilo neno silipendi kabisa. Dawa za homoni zipo, za vidonge, za kubandika kwenye ngozi, za jeli. Kama kizazi bado unacho lazima estrojeni iende pamoja na homoni nyingine, projesteroni, estrojeni peke yake inanenepesha ukuta wa kizazi na kansa inaweza kuanzia hapo. Watu wanaziogopa tangu ule utafiti wa Marekani wa 2002 uliotaja kansa ya matiti, na kweli hatari kidogo ipo kwa zile za mchanganyiko, ila wanawake wa utafiti ule wastani wao ulikuwa miaka 63. Kwa mwenye afya njema aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, mara nyingi faida inazidi. Ambaye amewahi kuugua kansa ya titi, damu kuganda, kiharusi au ini huyo aongee na daktari kuhusu dawa zisizo za homoni, zipo, hata baadhi ya dawa za sonona zinapunguza lile joto. Ukavu peke yake una krimu yake ya estrojeni ya kupaka ukeni, dozi ndogo sana, au kilainishi cha maji. Kwenye maduka ya mtaani mara nyingi hutazikuta, na usinunue bila kupimwa presha na kuulizwa historia yako.

Halafu hili nalisema kwa herufi kubwa: HEDHI HAIRUDI. Bibi wa miaka 61 alikuja anacheka, mwanangu nimerudi usichana, damu imetoka siku 2. Sikucheka. Damu baada ya ule mwaka mzima, hata tone, ni ya kuchunguzwa kizazi na mlango wake wiki hiyohiyo.

Mama ntilie wetu alipewa rufaa akaanza dawa, na mara ya pili alikuja na mumewe, nikamweleza yote akiwa amekaa palepale, akauliza swali moja tu, "kwa hiyo alikuwa anaumia kweli?" Siku hizi nikimfunga mama yeyote wa umri ule kile kitambaa cha presha namuuliza kabla sijaanza kupampu, mama, usiku kanga inalowa?