Namba Saba Alianza Lini?

Jana jioni binti mmoja ninayemfundisha uamuzi alinipigia simu kutoka Nansio. Amesoma kanuni mpya za mpira wa wavu, za 2025 hadi 2028, akakuta kwamba timu inayoanzisha mpira sasa inaruhusiwa kusimama inavyotaka.

"Shikamoo mwalimu. Kwa hiyo kosa la mzunguko limefutwa?"

Nikamwambia halijafutwa: akianzisha mpira asiye wa zamu, bado ni kosa. Kilicholegezwa ni mahali pa kusimama tu. Zamu ya kuanzisha iko palepale, na timu inayopokea lazima bado ijipange kama karatasi ya alama inavyosema. Akashukuru, akakata. Mimi nikabaki na simu mkononi, nikimuwaza namba saba.

Ni fainali ile ya wasichana, kwenye uwanja wa kando ya ziwa upande wa Ilemela, Mwanza. Mimi nilikuwa mwamuzi wa kwanza. Tulifika alfajiri. Chokaa tuliikoroga na maji, maana ikimwagwa kavu upepo wa mchana unaipeperusha na mistari inapotea kabla ya seti ya pili. Tukapima mita 18 kwa 9, kisha pembe kwa pembe, ambako kamba ilitakiwa kusoma mita 20 na sentimita 12 pande zote mbili. Zikipishana, uwanja umekaa mshazari hata kama kila upande una urefu wake. Wavu ulikuwa umechanika sehemu tatu, ukashonwa na wavuvi wa Mwaloni kwa uzi wa nailoni, macho ya sentimita 10 kwa 10, na hadi leo sijaona fundi anayewazidi kwa kazi hiyo. Shida ilikuwa nguzo. Ukikaza waya wa juu, nguzo zinavutwa ndani na wavu unabonyea katikati, kwa hiyo unapima, unakaza, unapima tena. Katikati mita 2.24. Juu ya mistari ya pembeni urefu ulingane pande mbili, wala usizidi ule wa katikati kwa zaidi ya sentimita 2. Jukwaa langu tulilifanya la mita moja na kitu, ili macho yangu yawe kama nusu mita juu ya wavu.

Kosa moja hatukuweza kulirekebisha. Uwanja wa nje hulazwa kaskazini kwa kusini ili jua la jioni lisimpige mtu machoni. Ule, kwa sababu ya mawe, ulilazwa mashariki kwa magharibi. Magharibi ndiko ziwa liliko.

Seti nne zilikwenda mbili kwa mbili. Seti ya tano, ya alama 15, ilianza jua likiwa limeinama. Walipobadilishana pande kwenye alama ya 8, timu ya bluu ikaenda upande wa ziwa.

Bluu walipata mpira tukiwa 11–11. Karatasi ilisema zamu ni ya namba nne. Wakapata alama mbili, 13–11. Wapinzani wao, njano, wakaomba mapumziko ya sekunde 30. Wakarudi, bluu wakapata nyingine, 14–11. Nikapuliza, mpira ukapigwa, na papo hapo kengele ikalia mezani. Mwandishi wa alama, mwalimu mwenzetu, alikuwa amesimama huku amekandamiza karatasi kwa viganja viwili isiondoke na upepo. Aliyepiga alikuwa namba saba.

Kosa lenyewe halikuwa na ubishi: alama moja kwa njano, na mpira kwao. Swali lilikuwa namba saba alianza lini. Kama alikosea kuanzia 11–11, alama tatu za bluu zinafutwa na tunarudi 11–12. Kama namba nne alipiga mbili za kwanza, halafu baada ya mapumziko wasichana wakachanganyikiwa, inafutwa moja tu, tunakuwa 13–12. Na kama haijulikani, hakifutwi kitu, 14–12, bluu wakibakiza alama moja kuwa mabingwa.

Nilishuka jukwaani. Karatasi ndiyo ingetujibu, lakini mwandishi alikuwa ametia tiki kwenye kisanduku cha namba nne mara tu bluu walipopata mpira, kabla ya kumtazama anayekwenda nyuma ya mstari. Ndilo kosa la kawaida kuliko yote mezani: mkono unaandika anayetarajiwa, si anayeonekana. Mwamuzi wa pili naye hakuwa na la kusema, na hakupaswa kuwa nalo. Wakati wa kuanzisha macho yake huwa kwa wanaopokea. Anayetazama timu inayoanzisha ni mwamuzi wa kwanza. Ni mimi.

Nikajaribu kukiona tena kile nilichokiona. 11–11. Nimenyoosha mkono, nimepuliza. Nyuma ya mstari wa mwisho kuna mtu, na nyuma yake ziwa lote linawaka. Namba ya kifuani haisomeki, ni kivuli cheusi tu chenye mpira. Mpira unakwenda juu. Mkono unapanda kuufuata. Mkono upi? Namba saba alikuwa wa kushoto, timu nzima ile hakukuwa na mwingine. Nilikiona kivuli kikipinda, bega la mbali likija mbele. Nilikiona, au nilikijenga pale pale chini ya jukwaa kwa sababu nilikihitaji.

Aliyekuwa karibu zaidi alikuwa mshika bendera wa kona ile, kijana wa kidato cha tatu, aliyewekwa pale kuangalia mguu wa mwanzishaji usikanyage mstari. Nikamwita. Nikamuuliza, "Ile ya kwanza, alipiga kwa kushoto, siyo?"

Akaniangalia. Akasema, "Ndiyo mwalimu."

Nikarudi juu, nikatangaza 11–12. Nahodha wa bluu akaja kuomba maelezo, ni haki yake. Nikampa. Akasikiliza mikono ikiwa nyuma, akasema "sawa mwalimu," akarudi kwa wenzake. Njano walishinda 15–13. Alipokuja kusaini karatasi hakusema kitu kingine.

Swali langu nililisikia usiku, nikiwa kitandani. Nilipaswa kuuliza, "Alipiga kwa mkono gani?" Mtoto wa miaka 16 mbele ya mwamuzi, mbele ya umati, angewezaje kuniambia hapana?

Miaka iliyofuata, nilipopewa ukatibu wa chama, nilishikilia mambo matatu kwenye kila semina hadi watu wakanichoka. Mwandishi haweki tiki mpaka asome namba mwilini mwa mchezaji na kuitamka kwa sauti ili msaidizi wake aisikie. Uwanja mpya haulazwi mashariki kwa magharibi, hata ikibidi tuvunje jiwe. Na mwamuzi anapomuuliza msaidizi, anauliza wapi, nani, mkono gani, mguu upi. Swali la kujibiwa ndiyo au hapana tulilifuta kabisa.

Yule kijana sasa ni mtu mzima, ana duka la nyuzi na maboya hapo Kirumba. Tunasalimiana, ananiita mwalimu bado. Mara nyingi nimesimama mbele ya kaunta yake nikitaka kumuuliza habari za mpira ule wa kwanza. Kila nikilipanga swali, naona jibu ninalolitaka limeshakaa ndani yake. Nanunua uzi, naondoka.